Feni ya umeme kwa gari ya zamani inalaumiwa bure

Peleka Toyota Corolla DX ya zamani iliyowekwa feni ya umeme kwa fundi, na kabla hata hajagusa kitu atakwambia urudishe ile ya mkanda, ati hiyo ya umeme ndio inachemsha injini mpaka inaua gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Naelewa maneno hayo yanatoka wapi, juu gari nyingi zilizobadilishwa kweli zinachemsha. Lakini mimi nimefungua boneti kadhaa za hivyo na sijapata feni yenyewe ikiwa na makosa.

Feni ya mkanda inazungushwa na injini, kwa hivyo inafuata mbio zake. Sasa uko Mombasa Road hapa Nairobi saa kumi na mbili jioni, gari imesimama, injini inazunguka mara 800 hivi kwa dakika, hakuna upepo unaingia kwa grili, na feni nayo inajivuta tu, yaani inakupa hewa kidogo kabisa wakati ule unaihitaji zaidi. Na tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi na maji bila presha yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hivyo kifuniko cha rejeta, kile kinachoshika presha, kikilegea huku hauna nafasi ya kucheza. Ya umeme haijali injini inazunguka mbio ama polepole. Swichi ya joto ikisoma nyuzi 92 inawaka na kupiga kwa nguvu yake yote hata kama hujasonga futi moja, ukifika Thika Road ukashika 60 upepo unatosha, inazima. Ya mkanda huko bado inakokotwa, na mzunguko wake ukiongezeka mara mbili nguvu inayokula inaongezeka mara nane.

Kwa nini basi zinachemsha? Moja niliyoangalia ilikuwa imeunganishwa waya kinyume. Ilikuwa inazunguka vizuri tu, lakini inasukuma hewa moto mbele badala ya kuivuta, mwenyewe alikuwa ashabadilisha thamostati na pampu ya maji. Kipande cha gazeti mbele ya rejeta kingemwonyesha kwa sekunde moja, hewa ikivutwa gazeti linashika pale pale. Nyingine ilifungwa kwa zile pini za plastiki zinazopita katikati ya rejeta, zikasugua mrija mpaka ukatoboka. Na nyingi hazina rilei, ile swichi ya kando ya kubeba umeme mwingi, kwa hivyo umeme wote unapita kwa swichi ya funguo ambayo haikutengenezewa mzigo huo, siku moja inaungua ukiwa katikati ya jam.

Hesabu inayonisumbua kweli ni ya alteneta, ile inayotengeneza umeme wa gari, na hapa wanaopinga wana haki yao. Feni moja ya nguvu inakula ampea 20. Gari nyingi za miaka ya 80 zilikuja na alteneta ya ampea 45 ama 50, na hiyo ni injini ikiwa mbio, ikituama unapata kama nusu. Weka taa za mbele, ampea 10, mvua inanyesha kwa hivyo waipa ziko juu, na hujahesabu moto wa plagi na taa za nyuma. Ushapita. Yangu nilipima na mita usiku taa zikiwa zimewaka, feni ikiwaka volti zilishuka kutoka 13.4 mpaka 12.3, maana yake betri ndio ilikuwa inalipa. Nikatafuta alteneta kubwa zaidi, na tangu hapo sindano ya joto haijapita katikati hata jam ya masaa mawili.

Lakini kama kazi yako ni kupanda kutoka Mai Mahiu na mzigo, gia ya pili, injini inalia muda wote, hiyo feni ya mkanda iko mbio vile inafaa na haina waya wa kuungua. Wewe singekwambia uitoe. Labda uangalie tu ile viskasi, klachi ya mafuta inayoshikanisha feni na injini, kama bado inashika.