Kitambulisho Kilichotangulia Mwanza

Kwa miaka minne niliyofanya usafi wa ndani ya ndege jijini Dar es Salaam, nimeingia katika ndege nyingi kuliko mbunge yeyote, na sijapaa hata mara moja. Mama yangu, anayeishi Mwanza, halielewi jambo hili hata kidogo, na kila akipiga simu huniuliza nitakwenda lini kumsalimu na hilo dege langu.

Kazi yetu huanza abiria wa mwisho anaposhuka, na wanaofuata huwa wameshajipanga. Wawili hupita na mashine ya kufyonza vumbi na kuokota maganda ya karanga; wengine wawili hupanga mikanda ya viti na kuhakikisha kila mfuko wa kiti una kadi ya usalama na mfuko wa kutapikia; mmoja hushughulikia jiko, na yule aliyechelewa kufika zamu hukabidhiwa vyoo. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa.

Choo cha ndege hakisukumi uchafu kwa maji mengi kama cha nyumbani, bali huufyonza. Ndege ikiwa juu sana, tofauti ya msukumo wa hewa ya ndani na ya nje ndiyo inayovuta. Ikiwa chini, pampu huifanya kazi hiyo, tena kwa mlio wa simba aliyekanyagwa mkia. Nilikuwa nimeinama, nikisugua doa sugu chini ya ukingo wa bakuli, kitambulisho kikining'inia shingoni, kiwiko changu kilipogusa kitufe. Namshukuru aliyebuni kile kibanio cha nyuma ya kamba, kinachoachia kikivutwa kwa nguvu, kwa kuwa nilibaki na shingo yangu. Kamba, kitambulisho na picha yangu ya kutabasamu vilipita tunduni kabla sijafumba mdomo.

Msimamizi wetu alichungulia humo kwa muda, kana kwamba ile picha ingemwitikia. Fundi alikuja, akabonyeza mara mbili, choo kikavuta vizuri kabisa, akatamka kwamba ndege haina tatizo na mwenye tatizo ni mimi. Gari la kunyonya maji taka lilikuwa limeshaondoka, na abiria wa Mwanza walikuwa wanapanda ngazi. Nikaweka karatasi za choo, nikajaza sabuni, nikateremka.

Pale getini, ambapo hapiti mtu bila kitambulisho, nilimkuta mlinzi mzee asiye na haraka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kitambulisho?"

"Kimebaki ndani ya ndege."

"Kifuate."

"Ndiyo ile inayoondoka, mzee."

Tukaitazama pamoja ikikimbia, ikinyanyuka na kupotelea mawinguni.

"Umekisahau kwenye kiti?"

"Hapana, mzee. Kimo kwenye tangi la choo."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akafungua daftari la taarifa. Jina langu aliliandika upesi, lakini kalamu ilisita kwenye safu ya mahali kilipopotelea. Baada ya kutafakari sana aliandika neno moja, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani: "Angani."

Niliandika maelezo kurasa mbili, nikasindikizwa hadi nje kama mgeni, na kitambulisho kipya nikapewa baada ya siku kadhaa za kukaa nyumbani bila zamu. Katika siku hizo mama alipiga simu kuuliza swali lake lile lile. Nilimwambia avute subira, kwa kuwa picha imeshatangulia.