Rubai ya “Rudi, rudi”: ni ya Rumi kweli?

Kwa watu wengi, Jalaluddin Rumi, sufi na mshairi wa Kifarsi, ndiye mwenye rubai hii, yaani shairi la mistari minne: “Rudi, rudi, uwe nani uwe, rudi, uwe kafiri, mwabudu moto au mwabudu sanamu, rudi, mlango wetu huu si mlango wa kukata tamaa, hata kama toba umeivunja mara mia, rudi.” Huko Konya, Uturuki, alikofariki mwaka 1273, wageni wengi wanaijua. Watafiti wanaosema si yake hulaumiwa kwamba wanawapokonya watu faraja. Naona wanaonewa.

Mtaalamu wa Kiirani Badiuzzaman Foruzanfar alipohariri Diwani ya Shams, mkusanyo wa mashairi ya Rumi, kwa kufuata nakala za kale, alikusanya rubai 1,983. Hii haimo. Inapatikana katika rubai anazopewa sufi Abu Said Abul-Khayr wa Mayhana, aliyefariki mwaka 1049, Rumi hajazaliwa; wengine humpa mshairi Baba Afzal wa Kashan. Na hata Abu Said si rahisi kumkabidhi. Mtu wa uzao wake, Muhammad bin Munawwar, aliyeandika habari zake katika Asrar al-Tawhid, anasema shehe hakuwa mtunzi: mashairi aliyoyasoma majlisini karibu yote yalikuwa ya watu wengine.

Kuna hesabu moja ambayo kila nikiirudia hunishtua. Mwaka 1897, Mrusi Valentin Zhukovsky alizipitia rubai 464 zilizochapishwa kwa jina la mshairi mwingine wa Kifarsi, Omar Khayyam, akazikuta 82 ndani ya diwani za washairi wengine. Ni zaidi ya moja katika kila sita! Tena hizo ni zile tu alizoweza kuzinasa. Akaziita rubai zinazotangatanga. Na zitaachaje kutangatanga? Ghazali, aina nyingine ya shairi la Kifarsi, mara nyingi hufunga kwa jina la mtunzi, kama watunzi wetu wa tenzi wanavyojitaja mwishoni. Rubai haina nafasi hiyo. Ni mistari minne, wa kwanza, wa pili na wa nne vina vyake vikilingana, imekwisha. Mnakili aliiokota pembezoni mwa ukurasa au mdomoni mwa mtu, akaitia katika diwani ya yule anayemheshimu zaidi.

Wanaomtetea Rumi wana hoja ya haki: kukosekana katika nakala za kale hakuthibitishi kwamba hakuwahi kuisoma mbele ya wanafunzi wake, na wafuasi wake wameipenda kwa dhati. Nakubali. Ila kuisoma si kuitunga, na kufanana na maneno yake si ushahidi.

Kinachoniuma zaidi ni neno lenyewe. Kifarsi kinasema baz a, yaani “rudi”. Tafsiri nyingi zinazosambaa zimeandika “njoo”, kwa sababu ndivyo msomaji anavyotaka kumsikia Rumi: mlango wazi, hakuna anayeulizwa kitu. Ukiliweka jina lake kando kidogo, mstari wa nne unasikika upya, na sisi hatuhitaji hata kamusi, kwani tawba yao ndiyo toba yetu. Anayeitwa pale si mpita njia. Ni mtu aliyekwisha kutubu, akaanguka, akatubu tena, na sasa amesimama kizingitini anaona haya kubisha hodi mara ya mia na moja.