Ukifika Ahmedabad anza na msikiti wa Sidi Saiyyed, Taj baadaye

Mtu akinipigia simu kwamba anakuja India, kampeleka mgonjwa au anaanza chuo, swali la kwanza huwa ni Taj Mahal. Aisee Taj iko Agra na we unashukia Ahmedabad, jimbo la Gujarat, hapo katikati kuna usiku mzima wa treni. Sikatazi mtu kwenda, aende tu, ila mi nimesoma Ahmedabad miaka mitatu na msimamo wangu ni uleule: kabla hujaenda popote panda bajaji (wao wanaita riksha) mwambie dereva "Sidi Saiyyed ni jali" (kwa Kigujarati, yaani jali ya Sidi Saiyyed, madirisha yake ya jiwe), ushuke mtaa wa Lal Darwaza.

Nikiri tu, mara ya kwanza niliupita. Ni kamsikiti kadogo, kamekaa katikati ya barabara magari yanakazunguka kama kipilefti, honi haziishi, hakuna kuba la kukushtua wala geti kubwa, ukiwa na haraka unadhani ni jengo la zamani tu. Ulijengwa 1572 hadi 1573, wakati uleule Akbar, mfalme wa Mughal, anaichukua Gujarat, na aliyeujenga ndo sababu naanza nao: Sidi Saiyyed alikuwa Mwafrika, Habshi kama walivyowaita kule, kafika Gujarat kupitia Yemen akatumikia wakubwa wa jeshi mpaka akawa mtu mwenye nafasi yake mjini. Sasa kuna siku tulikodi gari na mtu wa kutuzungusha, saa nzima anatupigia hadithi za masultani na wake zao, tulipofika hapo akasema "dirisha zuri, piga picha", basi, akarudi kwenye gari. Waafrika sita tumesimama mbele ya kazi ya Mwafrika na hakuona cha kutuambia! Mi nilikuja kujua baadaye sana.

Nenda alasiri. Kibla ya India iko magharibi, kwa hiyo jua likishuka linakuwa nyuma ya ukuta wa kibla na madirisha ndo yanawaka. Yako kumi, jiwe limetobolewa tobolewa likawa kama kitambaa cha darizi, hiyo ndo jali yenyewe. Mengine ni vijiboksi vya nakshi, vizuri, lakini kuna mawili ya nyuma ambayo utasimama hapo mpaka shingo iume: mti umepanda kutoka chini, matawi yake yamezunguka, yamepishana, yamejiviringa kwenye mtende uliosimama pembeni, vijani vyembamba mpaka unajiuliza huyu fundi patasi yake ilikuwa na ncha ya namna gani, na hayo yote ni jiwe, hamna mbao hapo. Chuo cha biashara cha IIM cha mji huohuo kimechukua nembo yake kutoka kwenye dirisha la mti huo. Alafu tazama dirisha la katikati, limezibwa kwa mawe matupu, wengi wanasema kazi ilikatishwa na vita vya Akbar. Mi huwa naliangalia hilo zaidi hata ya yale mazuri.

Na habari ya Waafrika wa Gujarat haijaishia makaburini. Masidi, wajukuu wa Waafrika hao, wapo mpaka leo, wengine Jambur karibu na msitu wa Gir kwenye simba, wanaongea Kigujarati, wana pir wao, yaani walii, Bava Gor, na ngoma yao wanaiita goma. Goma! Nilivyosikia neno hilo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama chizi.

Ukitoka hapo tembea kwa mguu kwenye mji wa zamani ambao sultani Ahmad Shah aliuanzisha 1411, na 2017 UNESCO wakauingiza kwenye urithi wa dunia, mji wa kwanza India kupata hiyo. Vichochoro vyao wanaviita pol, nyumba za mbao zilizochongwa, na ukiwa umezoea milango ya Mji Mkongwe Zanzibar utajua ile ya Kigujarati ilitoka wapi. Utapita Teen Darwaza, geti la matao matatu, ambapo kuna taa inawashwa kwa ajili ya Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu, na wanaoitunza ni familia ya Kiislamu, wanasema imewaka miaka zaidi ya mia sita. Kataa ukipenda, taa ipo. Jama Masjid ya 1424 iko mbele kidogo, nguzo msitu mzima, minara ilidondoka na tetemeko la 1819. Champali unaacha mlangoni, na sakafu ya uani saa saba mchana inaunguza kweli, beba soksi.

Ashram ya Gandhi, makazi aliyoishi na wafuasi wake, pale kwenye mto Sabarmati ni bure na pametulia, kindi kibao, ndo alikotoka 12 Machi 1930 kwa miguu kwenda Dandi pwani kuchukua chumvi, kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza. Hekalu la Wajaini la Hutheesing, la 1848, marumaru nyeupe, nusu saa inatosha. Adalaj lakini ipe asubuhi nzima, iko nje ya mji, kisima cha ngazi cha mwaka 1499, unashuka ghorofa tano chini ya ardhi na kila ngazi hewa inapoa, mwezi wa tano nilikuwa naenda kukaa tu.

Usiku rudi Manek Chowk. Mchana ni soko la masonara, wakishafunga wanaingia wapishi na meza zao, nyuma kidogo tu ya makaburi ya malkia, unakula pav bhaji, mchuzi wa mboga na mkate, inayoogelea kwenye siagi umekaa kwenye kiti cha plastiki. Bia usiulize, Gujarat pombe ni marufuku.