Gari bila ushuru: tunamshuku nani hasa?

Hoja yenyewe haichoki. Msamaha wa ushuru wa magari kwa watu wenye ulemavu, tunaambiwa, umekuwa mlango wa nyuma wa matajiri. Jamaa mwenye pesa zake anamtafuta mtu mwenye ulemavu, kadi yake ya usajili wa ulemavu inatumika, gari la kifahari linashushwa bandarini Mombasa bila kulipiwa ushuru, na mwenye kadi anatupiwa visenti. Funguo hata hazioni. Kwa hivyo, wanasema, msamaha ufutwe, au ubanwe hadi usipenyeke.

Sitajifanya kwamba ujanja huo haupo. Penye ushuru mkubwa na msamaha, wajanja hawakosi. Lakini kila nikisikia pendekezo la kufuta, najiuliza kama mtoa pendekezo amewahi kuketi na kalamu akapiga hesabu.

Tuipige. Chukua gari dogo la petroli lililotumika Japani, injini ya 1500cc, ambalo forodha imelithamini kwa shilingi 100. Sufuri utaongeza mwenyewe. Kwa viwango vya Kenya vya 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, tuko 135. Ushuru wa bidhaa, asilimia 20, hautozwi kwenye ile 100 bali kwenye 135, tunafika 162. Halafu VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inapanda juu ya mrundiko wote huo: 187.92. Bado ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Mtu amenunua gari moja akalipia karibu mawili.

Anayetembea vizuri anaweza kuikasirikia hesabu hiyo kisha akapanda matatu. Anayetumia magongo hana mahali pa kukasirikia. Ngazi ya matatu iko juu, mlango ni mwembamba, na makanga akiyaona magongo kwa mbali anapiga bodi dereva aondoke, maana dakika mbili za kumpandisha mtu ni abiria wawili waliochukuliwa na gari la nyuma. Mwenye kiti cha magurudumu, akibahatika kubebwa, huambiwa akilipie kiti nauli yake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikaongeza haki ya kuyafikia magari ya umma. Simama Tea Room au Kencom, vituo vya matatu Nairobi, ukahesabu matatu zenye njia ya kupandisha kiti cha magurudumu. Hutahitaji vidole.

Kwa maana hiyo teksi, au gari la kukodi, au binamu mwenye gari, ndiyo nauli ya kila siku ya mtu huyu, na hakuna anayemrudishia. Msamaha wa ushuru ndipo unapoingia, kulipia sehemu ndogo ya gharama ambayo barabara zetu zilishamtwika kabla hajanunua gari. Anayeuita zawadi hajawahi kulipa teksi mara mbili kwa siku.

Kuna jambo jingine katika hesabu hiyo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Asiyeweza kabisa kujihamisha kutoka kitini mara nyingi hawezi kutumia kigari cha kawaida cha 1500cc. Anahitaji gari refu ndani, kwa mfano Toyota Noah lenye njia ya kuteremshia kiti nyuma, au kiti cha abiria kinachogeuka na kushuka hadi usawa wa kiti cha magurudumu. Wajapani wanayatengeneza hayo kiwandani kwa ajili ya wazee wao, na yanapatikana yakiwa yametumika. Injini zake nyingi ni za 1800cc au 2000cc, na juu ya 1500cc ushuru wa bidhaa unapanda hadi asilimia 25. Ile 100 sasa inaishia 195.75. Bila msamaha, kadiri ulemavu unavyokuwa mzito ndivyo asilimia ya kodi inavyokua. Nimeigeuza hesabu hii kila upande na sijaona njia ya kuitetea.

Nirudi kwa wenye shaka, kwa kuwa wana hoja ya sheria pia, na si ya kupuuzwa. Msamaha unatoka katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, nayo inazungumzia gari lililobuniwa na kuundwa maalumu kwa mtumiaji mwenye ulemavu, moja tu, na asiwe amepata msamaha kama huo katika miaka minne iliyopita. Basi, wanauliza, gari la kawaida kabisa kutoka mnada wa Japani lina umaalumu gani?

Jibu liko miguuni. Aliyepooza mguu wa kushoto kwa polio alishindwa na klachi tu. Mpe gari la gia otomatiki, ataliendesha kwa mguu wa kulia kama wewe na mimi. Kwake otomatiki ndiyo marekebisho, na yalifanywa kiwandani. Aliyepooza wa kulia anahitaji pedeli ya mafuta ihamishiwe kushoto kwa breki. Asiye na nguvu katika miguu yote miwili anafungiwa mkono wa chuma chini ya usukani, ausukume kwa breki, auvute kwa mafuta, na kitufe cha mviringo kwenye usukani ili akate kona kwa mkono mmoja. Halafu kuna asiyeona, ambaye hataendesha kamwe, na gari lake litaonekana kila siku likiwa na mtu mwingine kwenye usukani. Afisa anayetafuta umaalumu kwa macho atamkamata wa kwanza na wa mwisho, na wote wawili ni wa kweli. Tapeli, kwa upande wake, hashindwi kufungisha kifaa cha maonyesho siku ya ukaguzi na kukitoa jioni.

Ukali wa kumkagua mtu mwilini unakosea shabaha. Mwombaji anapelekwa hospitali, anaenda Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, anaenda mamlaka ya ushuru, karatasi moja ikikosa mhuri anaanza upya, na gari likiwa limeshafika, ada za kuhifadhi bandarini zinahesabiwa kila siku baada ya zile za bure kuisha. Tajiri ana wakala wa kumhangaikia. Mwalimu anayetumia magongo anahangaika mwenyewe, kwa teksi.

Faida ya ujanja inafuata bei. Kwenye gari la thamani ya shilingi 600,000 mjanja anaokoa laki tano na ushei. Kwenye la milioni 8 anaokoa zaidi ya milioni 7. Hakuna tajiri atakayemtafuta mtu na kumhonga ili apate Toyota Fielder, gari la kawaida tu. Dari la thamani ya gari linalosamehewa likishikiliwa bila kupepesa, na ushuru kamili ukatozwa kwa kila shilingi iliyo juu yake, biashara ya kukodi kadi inakosa mnunuzi, na hakuna aliyelazimika kuvua kiatu mbele ya afisa. Uingereza wamegombana kuhusu jambo hilihili. Mpango wao wa Motability, wa kuwakodishia magari watu wenye ulemavu, ulioanzishwa 1977, uliyaondoa magari ya BMW na Mercedes mwishoni mwa 2025 baada ya kelele, ingawa waliochagua gari la bei walikuwa wakiongeza tofauti kutoka mifukoni mwao. Walipunguza juu, hawakufuta mpango.

Hoja moja ya wapinzani sina jibu lake. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao 900,000 wenye ulemavu, na ugumu wa kutembea ndio uliotajwa zaidi. Wengi wao hawatanunua gari kamwe, hata la bure bandarini, kwa kuwa mafuta na bima havina msamaha. Wanahitaji matatu yenye ngazi ya chini. Ni kweli tupu. Ila kodi itakayookolewa kwa kumnyima mwalimu gari lake haijatengewa ngazi hiyo katika bajeti yoyote niliyoisoma.