Hiyo 358,322 ni mshahara wa nani?

Oktoba 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kitapanda kutoka Sh275,060 hadi Sh358,322, kuanzia Januari 2026. Vijana wa madukani wakaanza kuwauliza mabosi kama wamesikia taarifa ya habari. Mabosi nao wakaulizana watazitoa wapi. Kumbe wote walikuwa wanagombania wastani.

Kima cha chini cha sekta binafsi hupangwa kwa amri ya mshahara, sekta kwa sekta. Katika amri ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, mfanyakazi wa shambani aliwekewa 140,000, wa biashara 150,000, wa benki 592,000. Changanya na sekta nyingine, gawanya, ndipo inapatikana ile 275,060. Binti anayekunja vitenge Kariakoo, sokoni Dar es Salaam, hajawahi kuishika, na kiwango kilichotajwa redioni hakimwambii chochote mpaka aone mstari wa sekta yake.

Tumchukue huyo huyo binti, anakaa Kivule, pembezoni mwa jiji. Asubuhi anapanda daladala mbili, jioni mbili. Mwishoni mwa 2023 nauli ya safari fupi jijini ilipanda kutoka 500 hadi 600. Hata tukimhesabia hiyo ya chini kabisa kila gari, ni 2,400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi inafika 62,400. Kwenye ile 150,000 ya amri ya 2022 alikuwa anabaki na 87,600, na hapo hajala mchana kwa mama ntilie wala hajalipa kodi ya chumba. Anayesema kima kikipanda wafanyakazi watabweteka, na apige hesabu hiyo kwanza.

Ila bosi wake naye si mnyonyaji kwa kuwa tu anaitwa bosi. Wengi pale Kariakoo wanadaiwa kodi ya fremu, yaani chumba cha duka, ya miezi kwa mkupuo, mzigo uko njiani, na nje ya mlango machinga ametandika bidhaa ile ile kwa bei ya chini. Akimwandikisha mfanyakazi kihalali, mshahara unafuatwa na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na wa mfuko wa fidia kwa wanaoumia kazini, na vyote hukokotolewa kutoka kwenye mshahara huo huo: ukipanda, navyo vinapanda. Akifikisha wafanyakazi kumi inaingia na tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. Ndiyo maana utakuta maduka yenye watu tisa kwenye karatasi na wengine watano ambao ni "ndugu wamekuja kusaidia".

Hoja kwamba mishahara ikipanda bei nazo zinapanda naiamini nusu. Mei Mosi 2025, pale Singida, Rais Samia alipotangaza kima cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000, mtaani ilisemwa bei zitaruka kabla mshahara haujaingia. Wapo wauzaji wanaopandisha kwa kusikia tu. Lakini nauli, mchele na kodi vilipanda pia katika miaka ambayo hakuna aliyeongezewa kitu.

Na miaka hiyo ilikuwa mingi. Kati ya amri ya 2013 na ile ya 2022 ni miaka tisa, na katika biashara kima kilitoka 115,000 hadi 150,000 tu. Mfanyakazi alikopa na kuzoea kudaiwa. Mwajiri naye alizoea mshahara usiosogea, akapanga bei zake juu ya hapo, halafu siku moja akaletewa ongezeko kwa pigo moja. Mimi naona kelele nyingi za waajiri zinatokana na mshtuko huo kuliko ukubwa wa fedha. Kima kingesogezwa kidogo kidogo kila mwaka, kwa tarehe inayojulikana, mwenye duka angekiweka kwenye hesabu kama anavyoweka kodi ya fremu, ambayo inapanda kila mara na bado analipa.

Kinachobaki ni wale watano wasiokuwa kwenye karatasi. Hawana mkataba, hulipwa mkononi jioni kulingana na mauzo, na hakuna amri ya mshahara inayowagusa mpaka afisa kazi aingie dukani na kuuliza kila mmoja analipwa ngapi. Siku hiyo wote watajibu kwamba ni ndugu.