Maganda ya vitunguu na kopo la rangi ya batiki

Wauzaji wengi wa vitambaa vilivyotiwa rangi ya mimea hujinadi kwa maneno mawili: "haina kemikali". Si kweli, na yanaiharibu bure hoja ya kutetea rangi za mimea, ambayo ingesimama bila hayo. Shabu inayoshikisha rangi ni kemikali. Mrututu, ambao baadhi hutumia kukoza, ni chumvi ya shaba na huua samaki, hata kama uliingia sufuriani pamoja na majani ya mwembe.

Tuchukue kilo moja ya pamba na maganda makavu ya vitunguu maji, ambayo sokoni ni taka tu. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani na nta ya pamba yenyewe. Kichemshe saa nzima kwa sabuni na gramu 20 za soda ya kufulia (si ile ya kuumulia maandazi), la sivyo rangi itakaa mabaka mabaka. Kikikauka, dondoshea tone la maji. Likinywewa papo hapo, kimetakata. Pamba haishiki shabu vizuri kama sufu, kwa hiyo hutanguliziwa tanini, ile dutu kakasi ya magome na maganda: chemsha gramu 200 za maganda makavu ya komamanga, chuja, loweka kitambaa saa moja. Halafu gramu 150 za shabu kwenye maji ya moto, na gramu 20 za soda ileile ya kufulia iliyoyeyushwa kando, ikimiminwa kidogo kidogo maana hufoka povu. Kitambaa kikae humo saa moja. Sasa ndipo zamu ya vitunguu: gramu 500 za maganda, lita 20 za maji, moto mdogo saa moja, chuja, tia kitambaa saa nyingine, kiache humo kipoe hadi asubuhi.

Hutoka rangi ya dhahabu iliyokolea. Gramu 20 za feras salfeti, yaani chumvi ya chuma, huigeuza kijani cha zeituni. Anayezidisha akidhani atapata weusi zaidi hujuta baadaye: chuma hula nyuzi, na kitambaa huchanika kwenye mikunjo.

Hesabu moto: saa tano, na maji zaidi ya lita 100 pamoja na kusuuza. Kama ni mkaa, faida kwa mazingira imeshaliwa jikoni. Fundi wa batiki mwenye kostiki (magadi makali ya kiwandani) na haidrosalfaiti, kemikali zinazoyeyusha rangi yake ya kopo, humaliza kutia rangi chini ya saa moja, na kitambaa chake hakichuji. Lakini kostiki huunguza ngozi, na maji yake yakimwagwa mferejini bila kupunguzwa ukali huua viumbe. Rangi nyingine za kiwandani zinazotumia chumvi nyingi hazishiki zote, na zinazobaki huondoka na maji machafu. Mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku zile rangi za azo, kundi kubwa la rangi za kiwandani, zinazoweza kuachia amini, kemikali zinazosababisha saratani, lakini si azo zote zilizokatazwa.

Kwa hiyo mstari kati ya shamba na kiwanda hautusaidii sana. Nili, rangi ya buluu, ambayo kampuni ya kemikali ya Ujerumani BASF ilianza kuiuza mwaka 1897 ni molekuli ileile inayopatikana kwenye mnili. Cha kuuliza ni mmea gani, na rangi yake inashikaje. Tanini hushika kweli: magome ya mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, hutoa kahawia ya kudumu, ila kubandua gome kuuzunguka mti ulio hai ni kuuua, na mikoko haistahili kufa kwa ajili ya mtandio. Manjano, ile bizari ya mchuzi, ni kinyume chake. Yanapatikana kila duka, hayahitaji shabu, yanang'aa mara moja, kisha jua huyapausha kwa siku chache na sabuni ya mche huyageuza mekundu. Kitambaa kilichotiwa rangi kwa bizari hiyo kisiuzwe kabisa, kwa maoni yangu, hata kwa mtalii.

Vitunguu viko katikati, na ndivyo ningevitetea: mali ghafi ni taka, na mwenye jiko la kuni za matawi yaliyopogolewa hana hasara kubwa. Aandike kwenye lebo shabu aliyotumia, na kwamba nguo ifuliwe kwa sabuni laini na ianikwe kivulini. Kabla ya kuuza akate kipande, afunike nusu kwa kadibodi, akiweke dirishani penye jua wiki mbili. Nusu mbili zikitofautiana waziwazi, mzigo huo ubaki nyumbani.