Sheria zote zimefutika, vigelegele!

Mlio kwenye grupu la mafundi mmeshaisikiliza ile sauti ya jamaa, anayosimulia nilivyoiharibu seva ya hoteli (kompyuta inayowagawia watu intaneti) nikiwa kwenye sendofu, eti ikaungua na mimi nikalia. Amesimulia vizuri, sikatai, ana kipaji. Ila mambo mawili ameyatia chumvi na moja amelificha. Kwanza, sikulia. Jiko la nyama choma lilikuwa nyuma ya meza yetu na upepo ulikuwa unatuletea moshi wote, meza nzima ilikuwa inafuta macho. Pili, seva "haikuungua". Siku ile hakikuungua kitu zaidi ya heshima yangu. La tatu tutalikuta mbele.

Hoteli mnaijua, ile ya Karatu ninayowaangalizia mitambo. Siitaji, bado nataka kulipwa. Miaka yote walikuwa na intaneti moja ya redio, kisahani juu ya paa kinatazamana na mnara. Juzi juzi wakavutiwa mkongo, ule waya wa intaneti. Mwenye hoteli akanipigia kwa furaha: "Kijana, sasa tuna intaneti mbili, kasi itakuwa mara mbili!" Shikamoo bosi. Intaneti mbili ni kesi mbili zinazotaka msuluhishi, na msuluhishi mwenyewe ndiye mimi.

Kesi iko hivi. Linux, mfumo unaoiendesha ile seva, usipoiambia kitu ina njia kuu moja ya kutokea. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ikiingia kwa mkongo, jibu lake linaweza kutokea kwa redio. Ni kama umepiga hodi mlango wa mbele, mwenye nyumba anakuitikia "karibu" akiwa amesimama mlango wa uani. Wewe umesimama kibarazani, unaona tu humu ndani hamna watu. Tena kampuni ya redio ikiona pakiti inatoka kwao imebeba anwani ya IP (namba ya mtumaji mtandaoni) isiyo yao, wanaitupa, na wana haki, maana ndivyo wanavyozuia watu kughushi anwani.

Dawa yake ipo tangu Linux 2.2 ya mwaka 1999. Unatengeneza majedwali zaidi ya moja ya njia, halafu unaweka sheria za nani asome jedwali lipi. Nikafungua faili la rt_tables, lenye majina ya majedwali, nikaandika 100 mkongo, 200 redio. Wageni wa waifai, wenye anwani za 192.168.20.0/24, wapite mkongo. Ofisi, simu za mapokezi na mashine ya kadi, 192.168.10.0/24, wapite redio. Nilipokwenda Karatu nikaijaribu, ikakubali, nikabandika karatasi mlangoni mwa chumba cha mitambo, nikarudi Arusha nikiimba.

Kitu kimoja tu mkishike, hata nyie wa Windows mvumilie. Sheria hizi kerneli, kiini cha Linux, inazisoma kuanzia namba ndogo kwenda kubwa. Sifuri ni ya jedwali la local, anwani za mashine yenyewe. Chini kabisa kuna 32766, ya jedwali kuu, main, lenye njia zote za kawaida. Halafu 32767, ambayo kwa kawaida haina kitu. Ukiongeza zako bila kuzipa namba zinapanda juu ya hizo: 32765, 32764, zinaendelea. Shikeni hiyo 32766. Ndiye marehemu wetu.

Sasa twende kwenye sendofu.

Binti wa mama mdogo anaolewa. Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo saa mbili na nusu usiku ndiyo kwanza bibi harusi mtarajiwa anaingia ukumbini. Mimi nimevaa suti, nimekaa meza ya kaka zake, pembeni yangu yuko jamaa (huyu huyu wa sauti), maana kadi ilikuwa ya watu wawili na mimi sina mtu mwingine, msiulize. Simu inaita. Bosi. Basi la wageni limetoka Ngorongoro, wote wamefungua simu kwa pamoja kupeleka picha za faru kwao, waifai inatambaa.

Laptopu ilikuwa chini ya meza. Naam, nilikwenda nayo kwenye sendofu. Fundi asiyetembea na laptopu ni mfanyabiashara wa nyaya tu.

Nikawasha hotspoti, nikaingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiandikia amri ukiwa mbali, nikaandika ip rule show inionyeshe sheria zilizopo. Aisee. Sheria za majaribio yangu yote zilikuwa bado zimejaa pale juu, wageni nusu wanapelekwa mkongo, nusu redio. Yaani nilifanya usafi kwa kusogeza takataka mlangoni. Nikaanza kuzifuta moja moja, ip rule del, ip rule del. MC anapiga kelele, bamia la juzi linanguruma tumboni, vidole vinateleza.

Hapa ndipo lile jambo la tatu. Jamaa akainama akatazama kioo, mdomo umejaa ndizi, akasema: "Si upige flush tu, uanze upya?"

Kwenye sauti yake hilo hamkulisikia. Rudieni kusikiliza.

Mimi nilikuwa na akiba yangu lakini. Kabla sijagusa kitu nilipanga kazi kwa at, amri ya kuiagiza mashine kazi ya baadaye: ikifika 21:15 seva ijirudishie yenyewe sheria ya 32766 na mwenzake. Mashine ikanijibu kwa adabu kwamba kazi imepangwa, 21:15. Saa yangu ya mkononi inasoma saa tatu na dakika mbili. Nikikosea, dakika kumi na tatu za aibu, basi. Msinifundishe usalama.

Nikaandika ip rule flush. Nikabonyeza Enter.

Kishale kikashuka mstari mmoja. Kikasimama. Kinawaka, kinazima. Kinawaka, kinazima. Ile root@ na alama ya reli inayotakiwa kurudi, kuonyesha mashine iko tayari kwa amri nyingine, haikurudi. Nikabonyeza Enter tena, taratibu, kama ninayebembeleza. Hakuna. Nikaandika ls. Mnajua kwenye SSH kila herufi unayoandika inakwenda kule ndipo irudi kwenye kioo chako. L haikuja. S haikuja. Nikaandika jina langu kamili. Halikuja pia.

Nikailaumu hotspoti. Nikafungua gazeti la mtandaoni, likafunguka na matangazo yake yote. Nikapiga ping, ile hodi ya kuuliza kama mashine ipo, anwani ya mkongo: kimya. Anwani ya redio: kimya. Intaneti mbili, na hakuna hata moja inayoitika.

Maana flush haijui zangu na za kerneli. Ilifuta zote, ikaondoka na 32766, ikaacha ile ya sifuri peke yake. Na njia za waifai na ofisi, za kifaa kilicho chumba cha pili tu, zote zinakaa kwenye jedwali kuu. Kwa hiyo seva haikuweza kumjibu mtu yeyote duniani, hata kompyuta ya mapokezi iliyo mita nne kutoka hapo. Ilibaki inaweza kuongea na mtu mmoja tu: yenyewe.

"Vipi?" jamaa akauliza.

"Inarudi. Saa tatu na robo."

Saa tatu na dakika kumi na mbili, MC (mnawajua, koti linang'aa kuliko taa) akapaaza: "Kaka zake bibi harusi mtarajiwa! Kaka zake wako wapiii?"

Zawadi yetu ilikuwa friji. Binamu wawili wakaibeba, wengine tunafuata nyuma tukicheza. Sasa nielewe msomaji: laptopu nikiifunika inalala, na ikilala ile SSH inakufa moja kwa moja, na mimi bado nina dakika tatu za matumaini. Kuiacha mezani, jamaa ndiye mlinzi. Nikaibeba. Mkono mmoja chini, mwingine nyuma ya kioo, imefunguka wazi, mwanga wake unanipiga kidevuni. Mbele hatua mbili, nyuma moja. Macho kwenye kishale.

Saa tatu na dakika kumi na nne. Kinawaka, kinazima.

Friji ikatua. Binamu wakasogea pembeni. Nikabaki nimesimama katikati ya ukumbi, mbele ya bibi harusi mtarajiwa, nimeinyoosha laptopu kwa mikono miwili kwa sababu ndivyo nilivyoweza kuona kioo.

MC akaona.

"Eeeeh! Subiri kwanza, muziki zima! Kumbe kaka mkubwa ana lake! Friji ni ya wote, hii ni ya kwake peke yake! Ni laptopu, wapendwa! Imewashwa kabisaaa! Pigeni vigelegele!"

Wakapiga. Ndugu zangu, mimi nimesikia vigelegele, lakini vile vilikuwa na mwangwi. Mama mdogo akanyanyuka na kanga, akaja anacheza, akanifunga mabegani. Shangazi mmoja akanibandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso, ikashika, maana jasho lilikuwa la kutosha. Nikafungua mdomo niseme kitu. Nikamtazama mdogo wangu. Machozi yanamlengalenga, na kwake hakukuwa na moshi.

"Kaka," akasema, "umejuaje? Mwezi ujao naanza masomo, sikuwa hata na pa kuandikia."

Nyie mngesema nini? Hebu niambieni.

Akapiga magoti, akaipokea kwa mikono miwili. Saa ya laptopu ikageuka mbele ya macho yangu: 21:15. Kishale kinawaka. Kinazima. Hakuna kitu. Mpiga picha akasema "tazameni hapa", tukatazama; picha ipo, kwenye kioo inasomeka vizuri kabisa ip rule flush. Halafu msimamizi wake, mwanamke wa watu, mwenye mpangilio, akaichukua, akaifunika, akaiweka juu ya friji, na mwenye daftari la zawadi akaandika.

Nikatoka nje na kanga yangu.

Kuizima na kuiwasha seva kungemaliza kila kitu, maana sheria zile nilikuwa sijazihifadhi popote. Nikapiga simu mapokezi. Simu za mapokezi zinapita kwenye seva. Nikapiga meneja, hapatikani. Akabaki mzee mlinzi, mwenye kitochi chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Fundi wa kompyuta, mzee wangu. Naomba uingie chumba cha mitambo, kuna boksi jeusi, ulizime, uhesabu mpaka kumi, uliwashe."

"Fundi yupi?"

"Yule aliyekuja juzi, akabandika karatasi mlangoni."

"Enhe. Karatasi ninayo mbele yangu hapa. Imeandikwa: mtu yeyote asiguse mitambo hii, hata akipiga simu akasema ni mimi."

Nikanyamaza kidogo.

"Mzee, lakini ni mimi kweli."

"Ndivyo mnavyosema wote. Wiki iliyopita mmoja kaniambia ile hela nitume kwenye namba hii."

"Mzee wangu, sauti yangu huijui?"

"Sauti ni nzuri, mwanangu. Itafutie kazi ya halali." Akakata.

Nikapiga tena, akawa hapokei. Jamaa akatoka nje na sahani yake (alikuwa amerudi kwenye msosi, kumbukeni hilo mnapomwonea huruma kwa "presha" aliyosema aliipata). Nikamwambia sielewi, kazi niliipanga, mashine ikakubali, 21:15 imepita.

Akatafuna. Akameza. "Seva yenyewe saa yake ni ya wapi?"

Saa yake ni UTC, saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Niliiweka mwenyewe, kwa sababu za kitaalamu nilizokuwa nawaelezea watu kwa majivuno. Saa tatu na robo yetu usiku, kule kwake ni 18:15. Ilikuwa imepanga kuniokoa vizuri kabisa, saa sita na robo usiku.

Najua. at now + 10 minutes, yaani dakika kumi kuanzia sasa, saa iwe ya wapi. Mtu wa kwanza kuliandika hilo hapo chini namfungia.

Yaliyobaki ni mafupi. Saa sita na robo kamili usiku seva ikajirudisha, kama ilivyoagizwa. Wageni walikuwa wamelala, mashine ya kadi haikuwa imefanya kazi mpaka saa hiyo, mapokezi waliandika madeni kwenye karatasi za oda za chakula, na mmoja aliondoka alfajiri bila kulipa chumba. Asubuhi nilikodi gari, kilomita 140 hivi, nikaziandika upya sheria zangu moja moja, kila moja kwa namba yake, nikiwa nimekaa mbele ya mashine yenyewe. Nikafungua na logi, yaani daftari la kumbukumbu, ya skripti yangu ya kukagua afya ya seva. Inapiga ping anwani za seva hiyo hiyo, yaani inajiuliza na kujijibu, na sheria ya sifuri ilikuwa haijaguswa. Usiku wote imeandika: sawa, sawa, sawa, sawa.

Mzee mlinzi amepewa bahasha na bosi kwa uaminifu wake, mbele ya wafanyakazi wote. Mimi nimekatwa ile bili ya chumba. Nilipokuwa natoka getini mzee akanisimamisha, akaniambia kwa sauti ya chini nijihadhari, kuna kijana anapita akiiga sauti yangu.

Laptopu sijaidai, na sioni mdomo wa kuidai. Haya yote naandika kwa simu, mnisamehe herufi. Mdogo wangu anasema ni nzuri sana, ila inamwomba nywila na hajui aweke nini, na mama mdogo amepiga leo asubuhi kuulizia chaja.